Hewa ya Keki

"Hiki kitu ni chako ama si chako?"

Mwanamke aliyeuliza hakusalimia. Aliweka juu ya kioo cha kaunta kichupa cha chuma, kidogo kama kidole gumba, na kando yake akakunjua boksi la karatasi lililobondeka. Kwenye boksi kulikuwa na stika ya waridi: Karwirwa Keki, Embu Mjini.

Karwirwa alikuwa anapaka krimu keki ya kipaimara. Alijifuta mikono kwa aproni, akakiinua kichupa na kukigeuza.

"Boksi ni langu," alisema. "Hiki nacho ni cha gesi ya kuumua krimu. Kikishatumika kinatupwa. Umekitoa wapi, mama?"

"Kwa mkoba wa binti yangu. Vilikuwa kumi na moja, pamoja na mabaluni."

"Labda anajifunza keki."

"Cicily hajawahi kupika chai bila kuunguza sufuria." Mwanamke akavuta kiti cha wateja na kukaa bila kuambiwa. "Mimi naitwa Wambeti. Nauza majani ya muguka kule Siakago. Huyo binti anasoma chuo hapa Embu, mwaka wa pili. Leo ni siku ya nne hawezi kusimama. Anasema miguu ni kama ya mtu mwingine. Daktari anamuuliza amekula nini, amekunywa nini, ananyamaza. Mkoba nimeufungua mimi."

"Pole sana, mama."

"Sikuja kuchukua pole. Nimekuja kujua hiki kitu kinafanya nini kwa mkoba wa mtoto wangu."

Hapo ndipo Karwirwa angesema kitu. Alikuwa anaagiza boksi mbili za gesi hiyo kwa mwezi, basi. Lakini tangu Januari mtu wa kuleta mizigo kutoka Nairobi alikuwa anamtania kwamba Embu siku hizi inakula krimu kuliko ugali, naye alikuwa akicheka bila kuuliza maana yake. Na ufunguo wa stoo ulikuwa na watu wawili tu: yeye, na mwanamume ambaye angekuja kumposa keshokutwa.

"Sijui, mama," alisema. "Nitauliza waliotuuzia."

Wambeti alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mzigo kwa macho.

"Uliza haraka," akasema. "Mimi miguu ninayo ya kurudi hapa."

Akatoka. Kichupa akakiacha pale pale kwenye kioo.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Njiru. Alikuwa MC wa harusi na sherehe, na kuanzia Kianjokoma mpaka Siakago, kuvuka hadi Meru, hakuna hema ambalo halikuwahi kusikia sauti yake. Walikutana miaka miwili nyuma, siku ambayo keki ya kwanza kubwa ya Karwirwa ilianguka mbele ya wageni mia tatu. Orofa tatu, zote chini. Karwirwa alitaka ardhi ifunguke. Njiru akachukua maikrofoni na kusema, "Jameni, mmeona adabu? Keki imepiga magoti kuwasalimia wakwe." Watu walicheka mpaka wakasahau aibu ilikuwa ya nani. Jioni yake akamtumia meseji: "Mikono yako ni mizuri. Ni meza tu ilikuwa mbaya." Karwirwa alimpenda kuanzia hiyo meseji, na hakuwahi kuona haya kusema hivyo.

Ruracio, sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa Desemba. Wiki tatu zilizopita Njiru akasema hawezi kungoja, moyo wake unamwasha, wazee waende sasa. Karwirwa aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba hajawahi kuona mwanamume anayeharakisha mambo ya wazee. Wote walimwonea wivu.

Akapiga simu.

"Malkia," Njiru akapokea. Nyuma yake mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. "Niko kwa kinyozi. Jumamosi nataka baba yako aone sura, asione nywele."

"Kuja dukani."

"Kuna nini?"

"Kuja tu, Njiru."

Alifika baada ya nusu saa akinukia mafuta ya nywele. Kwenye ngazi moja ya mlango mguu wake wa kushoto ulikosa mahali, akadaka fremu ya mlango asianguke.

"Viatu vipya," alisema, akicheka. Alikuwa amevilaumu viatu hivyo Jumapili kanisani, na tena Jumanne.

Karwirwa hakucheka. Alikisukuma kichupa mbele yake.

"Kuna msichana amelazwa. Hasikii miguu. Hivi vilikuwa kwa mkoba wake, na stika yangu."

Njiru alikiangalia, kisha akaangalia mlango.

"Nani amekileta?"

"Mama yake. Niambie wewe kilifikaje kwake."

"Sasa usikasirike kwanza."

"Sijakasirika. Bado nauliza."

"Ni mabaluni tu, Karwirwa. Unajaza gesi kwa baluni, mtu anavuta, anacheka dakika moja, anarudi. Nairobi wanafanya kila wikendi. Vijana wanapenda. Huku kwetu hakuna raha, ni kutafuna muguka na pombe mbaya. Mimi nimewaletea kitu safi, hewa ya keki. Mtoto mdogo akila keki yako si anakula hiyo hiyo hewa?"

"Anakula krimu. Havuti chupa."

"Na si kosa. Nimeuliza. Bangi imeandikwa kwa sheria, ule unga umeandikwa. Hii nani ameiandika? Ingekuwa mbaya wangewauzia watu wa keki?"

"Wanawauzia watu wa keki. Wewe si mtu wa keki. Uliagiza kwa jina la nani?"

Njiru akaanza kukunja kile kiboksi, akakikunja tena.

"Kwa jina la nani, Njiru?"

"Hao wa Nairobi hawauzii mtu bila duka. Na sisi tunaoana. Chako ni changu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Sasa si ndiyo maana mtu huambiwa? Ili akitaka kukataa akatae."

Njiru alikuja upande wake wa kaunta na kumshika mabega, taratibu, kama alivyokuwa akifanya akitaka kumtuliza kabla ya harusi kubwa.

"Sikiza. Huyo msichana atapona. Wasichana wa chuo hawali, wanashinda njaa, wanaanguka. Lakini wewe ukienda huko hospitali na mdomo wazi, watakuja hapa. Na hapa karatasi zote zina jina lako. Litafungwa duka lako, si langu. Nakulinda wewe."

"Mama yake nimemwambia sijui," Karwirwa alisema. "Nimedanganya mtu mzima ambaye mtoto wake hawezi kusimama. Nimedanganya kwa ajili yako kabla hata hujaniomba."

"Basi umeanza vizuri."

Njiru alisema hivyo akitabasamu, na mara akaona mwenyewe kwamba amekosea. Karwirwa alikuwa anavua aproni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa daktari."

"Karwirwa."

"Funga mlango ukitoka. Na ufunguo wa stoo uuache hapo."

Hospitali haikuwa mbali na duka. Karwirwa aliipata wodi kwa kuuliza. Cicily alikuwa msichana mwembamba aliyefungwa kitambaa cha maua kichwani, ameelekeza uso ukutani. Wambeti alikuwa kando yake na chupa ya uji. Daktari aliyekuwa wodini siku hiyo, kijana mmoja mtulivu aitwaye Gitari, alikuwa anamgusa Cicily nyayo kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Karwirwa alikiweka kichupa mkononi mwa daktari.

"Daktari, amekuwa akivuta hii. Ni gesi ya kuumua krimu ya keki. Wanaijaza kwa baluni. Sijui amevuta vingapi, lakini imetoka kwa jina langu."

Gitari alisoma maandishi madogo kwenye chuma, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Siku nne natafuta hili jibu," alisema. "Nimempima kila kitu. Cicily, ni kweli?"

Msichana akajifunika shuka mpaka shingoni.

"Sikuulizi nikupeleke polisi. Nauliza kwa sababu dawa yake ipo, na kila siku tunayokaa inapunguza nguvu ya hiyo dawa. Ulivuta siku ngapi?"

"Tangu tufungue muhula," Cicily akasema, bado ameangalia ukuta. "Mwanzoni ni wikendi. Halafu ikawa kila siku. MC alisema haina shida. Alisema ni hewa ya keki."

Gitari akawaeleza. Hata hospitali huitumia gesi hiyo, alisema, mtu aking'olewa jino kwa mfano, lakini huchanganywa na oksijeni na kuna mtu amesimama hapo kuangalia. Kuivuta peke yake kunaweza kumnyima mtu pumzi akafa na baluni mkononi. Na aliyeivuta mara nyingi, vitamini B12 iliyo mwilini haifanyi kazi tena, na mishipa ya fahamu huanza kuvuliwa ngozi yake kama waya wa umeme. Mtu huanza kwa kuwashwa vidole. Halafu anajikwaa. Gizani au akifumba macho anaanguka, kwa sababu miguu haimwambii tena iko wapi.

"Tunaanza sindano sasa hivi," alisema. "Na nitalazimika kuwaarifu watu wa afya ya umma. Unaelewa, dada?"

"Naelewa. Jina langu lina w mbili. Wasilikosee."

Daktari alipotoka kwenda kuandika dawa, Wambeti aliweka chupa ya uji chini.

"Asubuhi ulisema hujui."

"Nilidanganya, mama. Saa nne nimedanganya, saa nane nimekuja."

"Pwani walipopiga marufuku muguka, gari letu lilirudishwa na magunia yakaoza. Nikasikia kwa redio tunaitwa wauza sumu. Nikanyamaza, kwa sababu angalau ninachouza kila mtu anakijua jina na uso, na mtoto wangu namkataza. Lakini wewe umeuza kitu kimevaa nguo ya keki."

"Sikuuza mimi. Lakini ilipita kwa mlango wangu na sikuangalia."

"Nani aliuza?"

Karwirwa alianza kulitaja jina, akakumbuka ruracio ya Jumamosi, akaliacha. Alisema, "Jumatatu utalijua. Nakuahidi kwa Mungu." Wambeti akamgeuzia mgongo, akarudi kwa uji wake.

Saa kumi na moja simu ilitetemeka. Ilikuwa meseji ya Njiru.

"Nimekosa. Nimekaa nikafikiria nikaona nimekosa. Jumatatu tutaenda polisi pamoja, mkono kwa mkono, na nitasema ni mimi. Lakini Jumamosi usinivunje mbele ya wazee. Mama yangu hawezi kuimeza hiyo. Nipe siku mbili tu."

Karwirwa aliisoma mara tano. Alitaka sana iwe kweli. Akajibu: "Jumatatu. Na leo uende hospitali, hiyo miguu yako si viatu."

Njiru akajibu kwa picha ya moyo.

Ijumaa akapanda kwenda kwao Nkubu. Baba yake, mwalimu aliyestaafu, alikuwa amekata ua upya na kukodi mahema mawili. Mama yake alikuwa na wanawake wa kanisa wanachambua mchele. Karwirwa alimvuta pembeni na kumwambia nusu ya maneno.

"Ni kosa na amekubali," mama yake alisema. "Mwanamume anayekubali kosa ni nadra, mwari wangu. Mengine yangoje Jumatatu. Watu mia mbili wanakuja hapa."

Jumamosi asubuhi Mutugi alifika mapema kupanga spika. Huyu alikuwa DJ wa Njiru, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alimkuta Karwirwa nyuma ya jikoni, nywele zimesukwa, leso begani.

"Shemeji, nataka kukuonyesha kitu, halafu unifukuze ukitaka."

"Onyesha."

"Uliwahi kujiuliza ni kwa nini ruracio ilitolewa Desemba ikaletwa hapa?"

"Kwa sababu ananipenda."

Mutugi alimpa simu. Meseji ilikuwa ya wiki tatu zilizopita, na jina la juu lilikuwa Njiru.

"Maze, yule kijana wa Kianjokoma miguu imekataa. Babake ameanza kuuliza maswali. Niliongea na wakili mmoja kwa ile harusi ya juzi, anasema korti haiwezi kumlazimisha mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Naharakisha ruracio. Karatasi ziko kwa jina lake tayari. Tukioana, na mdomo utakuwa wangu."

Chini yake ilikuwepo nyingine, ya jana.

"Ametulia. Ameamini ile ya Jumatatu."

Karwirwa alisoma, akarudisha simu, akaiomba tena na kusoma upya. Kulikuwa na kuku wanapekua maganda karibu na miguu yake na wanawake wanaimba jikoni.

"Kwa nini unanionyesha sasa?"

"Kwa sababu mimi ndiye nilikuwa najaza mabaluni," Mutugi akasema. "Na huyo wa Kianjokoma ni mtoto wa shangazi yangu. Nimeshindwa kulala. Nikakuona jana kwa picha za matayarisho ya ruracio unacheka, nikasema huyu hajui."

"Nitumie hizo zote. Na zile karatasi za kuagiza kama unazo."

"Nimeshatuma. Shemeji, utafanya nini?"

"Usiniite shemeji, Mutugi. Niite jina langu."

Wageni waliingia saa tano kwa nyimbo. Wakaimbishwa langoni, wakalipishwa, wakacheka, wakaingia. Njiru alivaa suti ya kijani iliyokolea na alionekana kama mtu aliyezaliwa kuwa bwana harusi. Alitembea polepole, ameshikwa mkono na mjomba wake, na watu wakasema ni heshima.

Baada ya chakula na maneno marefu ya wazee, kibuyu kililetwa. Kwa kuwa ni nyumba ya kanisa, ndani yake haikuwa pombe, ilikuwa asali iliyochanganywa na maji. Kaberia, ndugu mdogo wa baba yake, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Akamwita Karwirwa mbele.

"Mwari wetu," alisema, "hawa watu wametoka Embu na asali. Wanasema wamekuona hapa. Sisi hatuli kitu cha mtu bila wewe kukubali. Nakuuliza mbele ya wote. Tunywe?"

Mahali hapo msichana huinamisha kichwa, hutabasamu, husema kunyweni, na vigelegele vinapigwa. Wanawake walikuwa wameshavuta pumzi.

"Msinywe," Karwirwa akasema.

Kaberia akajaribu kucheka.

"Anatutania. Karwirwa, tunywe?"

"Uliza mara kumi, baba mdogo. Msinywe."

Mama yake akaanza kuinuka. Baba yake akamshika mkono, akamrudisha chini.

"Mwache," Mwalimu alisema. "Swali ameulizwa yeye."

Karwirwa akatoa simu. Hakupaza sauti. Alisoma meseji ya kwanza kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, mpaka pale pa mdomo utakuwa wangu. Akasoma ya pili. Kisha akawaeleza gesi ni nini, na msichana wa Siakago, na kijana wa Kianjokoma, na stika yake ya waridi.

Njiru alisimama. Hata pale alikuwa na sauti yake.

"Wazazi wangu," alisema, "naomba mniruhusu. Karwirwa ana hasira, na mwanamke mwenye hasira husoma meseji kichwa chini. Duka ni la nani? Lake. Karatasi ni za nani? Zake. Mimi ni mtu wa maikrofoni. Na hata hivyo, hebu mtu aniambie nimevunja sheria gani. Hiki kitu kinauzwa hadharani. Si bangi. Ningekuwa nauza sukari mtu akaila kilo tano, mngenishika mimi?"

Watu wawili watatu upande wa wageni walitikisa kichwa kukubali. Mmoja hata alicheka. Alikuwa anajua kuligeuza hema, Njiru.

"Mimi sijui kama sheria imelala ama iko macho," Karwirwa akasema. "Hiyo nitawaachia wenyewe. Najua miguu ya Cicily imelala siku ya sita leo. Na najua yako."

"Yangu iko sawa."

"Basi vua viatu. Fumba macho, utembee kutoka hapo mpaka hapa nilipo. Ni hatua saba. Ukifika hapa umesimama, nitamwambia baba mdogo anywe."

"Huo ni mchezo wa watoto."

"Utakuwa rahisi basi."

Mama yake Njiru, mama wa kanisa aliyevaa kilemba cheupe, alimwangalia mwanawe. "Tembea umwonyeshe," alisema. "Tumalize."

Njiru akavua viatu. Akafumba macho, akanyoosha kifua. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili mguu ulipanda juu mno na kupiga nyasi kwa kishindo, kama mtu anayetafuta ngazi isiyokuwepo. Ya tatu hakuifikia. Alianguka kama gunia, akaivuta meza, na asali ikamwagika yote.

Hakuna aliyesogea. Karwirwa ndiye aliyemfikia kwanza. Alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa na kumwinua kichwa.

"Tangu lini?" akamuuliza, chini chini.

"Mwezi wa pili," Njiru akasema. Ile sauti ya maikrofoni haikuwepo. "Nilikuwa navuta kuwaonyesha haina shida. Halafu nikashindwa kuacha. Karwirwa, sivisikii vidole."

"Nilikwambia uende hospitali."

"Wangeniuliza nimevuta nini." Akamshika mkono. "Bado unanipenda?"

"Ndiyo."

"Basi waambie wanywe."

"Hapana. Nakupenda na siolewi na wewe. Hayo ni mambo mawili." Akainuka na kumgeukia mama mwenye kilemba cheupe. "Mama, mpelekeni leo, msingoje Jumatatu. Mkifika mwambieni daktari neno moja tu, baluni. Msimfichie. Zile siku yule msichana alikuwa anaficha ndizo zimemla miguu."

Yule mama alimwangalia kama anataka kumtemea mate. Kisha akainama, akamshika mwanawe kwapa, na kusema kwa Kiembu kwamba gari liletwe.

Jioni hiyo kulikuwa na maneno mengi Nkubu. Kuna waliosema Karwirwa amejiua mwenyewe, kwamba mwanamke hamvui mwanamume nguo mbele ya wazee. Shangazi mmoja alimwuliza kama anafikiri kuna mwingine atakayekuja.

"Asipokuja nitapika keki," Karwirwa akamjibu.

"Duka lenyewe litafungwa."

"Nitapika hapa kwa mama."

Na duka kweli lilifungwa. Jumatatu asubuhi alikuta karatasi ya watu wa afya mlangoni na kufuli juu ya kufuli yake. Aliisoma yote, akapiga picha, akashuka kwenda kituo cha polisi. Kwenye benchi la nje alimkuta Wambeti.

"Daktari ameniambia nitakukuta hapa," Wambeti alisema. "Nilitaka kuona kama utakuja."

"Nilikuahidi jina. Ni Njiru, yule MC."

"Ndiye yule amelazwa wodi ya wanaume tangu Jumamosi?"

"Ndiye yeye."

Wambeti alifunga leso yake upya.

"Cicily amechezesha kidole cha mguu jana," akasema. "Kimoja. Daktari anasema itachukua miezi, na labda si yote itarudi. Bado sijakusamehe, usifikirie."

"Sawa, mama."

"Lakini nitaingia na wewe. Hawa watu wakiona mwanamke peke yake humweka mpaka saa tisa."

Aliyekuwa mezani aliitwa Kivuti, sajenti mnene aliyeandika kwa kalamu ya wino na kupuliza kila mstari ukauke. Alisikiliza mwanzo wake, akashusha miwani.

"Nikwambie ukweli, dada. Miaka kumi na tisa ya kazi, hiki kitu sijawahi kumwandikia mtu. Sijui mashtaka yake yataitwaje. Kuuza kitu kama dawa bila kibali, kumdhuru mtu, kutumia jina la mwenzako, hayo waendesha mashtaka watayapanga. Na karatasi ni zako. Unajua unaweza kujiletea kesi mwenyewe?"

"Najua."

"Na bado unaandikisha?"

"Nimetoka Nkubu kwa ajili hiyo. Na kuna mwingine, Mutugi, atakuja saa sita. Naye anaandikisha."

Kivuti akavuta karatasi mpya.

"Jina najua. Kazi, mpishi wa keki. Uhusiano wako na huyo Njiru?"

Wambeti alimtupia Karwirwa jicho.

"Nauliza kwa sababu hapa sheria inajali," Kivuti akasema. "Nimesikia Jumamosi kulikuwa na ruracio. Kama ni mume wako, hakuna anayekulazimisha kusema hata neno. Unaweza kuamka hapo uende nyumbani, na hakuna atakayekulaumu."

"Hawakunywa," Karwirwa alisema. "Mimi si mke wa mtu, sajenti. Andika hakuna."

Kivuti akaandika hakuna, akaupuliza ule mstari. Karwirwa akavuta kiti karibu na meza, akaanza kusimulia tangu Januari.